Siku Haijulikani, Njia Inajulikana: Majira ya Baridi Riyadh na Jeddah

 

Nimeombwa nizungumze juu ya hali ya hewa ya Saudia wakati wa baridi, hali "isiyotabirika" kama ilivyoandikwa kwenye mwaliko. Ukumbi huu umejaa watu wenye sababu ya kusikiliza. Wapo wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani na za udereva, wapo wanafunzi wa vyuo vikuu, wapo wanaojiandaa kwa umra ya Desemba shule zitakapofungwa, na wapo wazazi watakaobaki hapa wakingoja simu. Wengi wenu mmeambiwa jambo moja tu juu ya nchi ile, nalo ni joto. Hamkudanganywa, ila hamkumaliziwa habari.

Hoja yangu ni fupi, nami naitanguliza ili mwenye kuwahi daladala aondoke nayo. Siku ambayo mvua kubwa itashuka Jeddah, au usiku ambao baridi itakaza Riyadh, hakuna aijuaye miezi kadhaa kabla. Lakini majira yake yanajulikana, njia yatakayopita maji inajulikana, na watu watakaoumia kwanza wanajulikana. Mtabiri wa hali ya hewa anaweza kusema "haitabiriki" na akawa mkweli. Mpanga miji, mwajiri na msafiri hawana haki ya kulitumia neno hilo.

Miji miwili, baridi mbili

Saudia ni kubwa kuliko Tanzania zaidi ya mara mbili, na kutoka Riyadh hadi Jeddah ni takriban kilomita 950 kwa barabara. Riyadh iko katikati ya nchi, juu ya uwanda wa Najd, kama mita 600 kutoka usawa wa bahari. Jeddah iko ufukweni mwa Bahari ya Shamu, na nyuma yake, upande wa mashariki, imesimama milima ya Hijazi. Kuisemea miji hii kwa pumzi moja ni kama kuisemea Nairobi na Mombasa pamoja, na mfano huo unafaa kuliko mnavyodhani. Mwezi Januari, Jeddah hupata wastani wa nyuzi 29 mchana na karibu 20 usiku, hali ambayo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ataitambua kuwa ni Julai ya kwao. Riyadh, mwezi huohuo, hupata wastani wa nyuzi 20 mchana na karibu 9 usiku. Mtu wa Nairobi anayeijua alfajiri ya Julai yuko karibu na ukweli, ila apunguze nyuzi kadhaa, aondoe unyevu wote hewani, kisha aongeze upepo.

Wastani, hata hivyo, huficha mengi. Hewa ya Najd ni kavu na anga lake mara nyingi halina wingu, kwa hiyo joto lililoingia ardhini mchana hupanda na kupotea usiku bila kizuizi. Saa nane mchana mtu yuko kwa shati la mikono mifupi. Saa kumi na moja alfajiri meno yanagongana. Wiki moja ya Januari inaweza kuwa na mchana wa nyuzi 27, kisha upepo ukageuka kutoka kaskazini na nyuzi kumi zikaondoka kwa siku moja au mbili. Zipo siku ambazo kipimo cha Riyadh kimeshuka chini ya sifuri.

Baridi hiyo huumiza zaidi ndani ya nyumba. Nyumba za Riyadh zimejengwa kupigana na joto: sakafu ya marumaru, dari refu, viyoyozi kila chumba. Nyingi hazina mfumo wa kupasha moto. Tangi la maji liko juu ya paa, na maji yanayochoma mwezi Julai hugandisha vidole mwezi Januari. Anayeyashika kwanza alfajiri ni mfanyakazi wa nyumbani, na mara nyingi ndiye mwenye blanketi jepesi kuliko wote.

Baridi hiyo si mgeni kwetu. Hewa nzito ya baridi inayojikusanya Asia na Bara Arabu wakati huo ndiyo inayosukuma upepo wa kaskazi hadi pwani yetu, kuanzia Desemba hadi Machi. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yaliyotia nanga Lamu, Mombasa na Unguja kwa karne nyingi yalisukumwa na majira hayahaya tunayoyazungumza. Watu wa huko walivaa majoho ya ngozi ya kondoo, sisi tukapokea tende.

Hesabu ya wazee

Watu wa Najd hawakungoja setilaiti ili wayajue majira yao. Waliyahesabu kwa nyota, na hesabu yao ingali hai hadi leo katika mazungumzo ya barazani na hata katika habari za hali ya hewa. Nyota ya Suheli ikionekana alfajiri mwishoni mwa Agosti, husema mgongo wa joto umevunjika. Katikati ya Oktoba huanza Wasmi, siku 52 zinazoombewa mvua, kwa sababu mvua yake ndiyo inayootesha majani ya mifugo na uyoga wa jangwani uitwao faga, ambao sokoni huuzwa kwa bei ya kumkondesha mtu. Karibu na tarehe 7 Desemba huingia Marbaaniya, siku 39 za baridi inayotulia na kupenya mifupani. Katikati ya Januari huja Shabti, siku 26 za upepo mkali, ambazo wengi huziogopa kuliko Marbaaniya. Mnamo tarehe 10 Februari huingia Nge watatu, siku 39 nyingine, ambamo baridi na joto hupokezana hadi Machi ishirini na ushei.

Mzee wa Makunduchi, Pemba au Lamu hawezi kuishangaa hesabu hiyo. Manahodha wetu walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, wakajua mwongo upi chombo kishushwe na mwongo upi kipandishwe ufukweni. Hawakudai kuijua siku ambayo dhoruba ingepiga. Walidai kuujua muda ambao mwenye akili hapaswi kuwa katikati ya bahari. Mpaka kati ya kutabiri na kujiandaa waliuona vizuri, na sisi wenye simu zenye mvua na jua kwenye kioo tumeanza kuupoteza.

Mvua inavyoivunja nchi kavu

Mvua ni suala gumu zaidi. Riyadh hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, Jeddah hamsini na kitu. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Kwa hiyo msikilizaji wa pwani husema: mvua gani hiyo ya kuogopwa?

Jibu liko katika namna inavyoshuka. Mwezi Novemba maji ya Bahari ya Shamu bado yana joto, na hewa iliyo juu yake imejaa mvuke. Wakati huo hewa baridi ya anga za juu huanza kuteremka kutoka upande wa Mediterania. Ikifika juu ya mvuke ule wa moto, mawingu hurundikana kwa saa chache yakawa marefu na mazito, na milima ya Hijazi huyasaidia kupanda. Wingu la namna hiyo laweza kuwa na upana wa kilomita kadhaa tu. Mtaa mmoja wa Jeddah unazama, mtaa mwingine watu wanaanika nguo. Mtabiri anaweza kusema kuwa kesho kutakuwa na ngurumo katika mkoa wa Makka. Kutaja mtaa na saa bado ni vigumu kwa kompyuta yoyote.

Wengine hutafuta mwongozo kwenye El Nino, nasi Afrika Mashariki tunaijua kwa mvua za 1997 na 1998. Lakini tuitazame Jeddah. Mafuriko yake ya 2009 na ya 2015 yalitokea El Nino ikiwepo. Mafuriko ya Januari 2011 na ya Novemba 2022 yalitokea wakati wa dada yake mpinzani, La Nina. Anayelala usingizi kwa sababu mwaka huu hakuna El Nino ataamshwa na maji.

Mvua hiyo ikishafika chini haipati udongo wa kuinywa. Mwamba na ardhi iliyokaukiana huyarudisha maji juu, nayo huteremkia makorongo ambayo kwa miaka mitano au kumi yalikuwa njia za mbuzi na magari. Sisi tumezoea kusema dalili ya mvua ni mawingu. Kule, korongo linaweza kujaa chini ya anga jeupe, kwa sababu mawingu yalinyesha milimani, mbali na macho. Ndiyo maana kulivuka korongo lenye maji kwa gari ni kosa la barabarani nchini Saudia, na faini yake ni maelfu ya riyali.

Siku ya Tarwiya, 2009

Jumatano, tarehe 25 Novemba 2009, ilikuwa mwezi 8 Mfunguo Tatu, siku ya Tarwiya, ambayo mahujaji huelekea Mina. Dunia nzima ya Kiislamu ilikuwa inaitazama Makka. Mvua ikapiga Jeddah, zaidi ya milimita 90 kwa muda wa saa nne hivi, karibu mara mbili ya mvua ya mwaka mzima. Maji yaliteremka kutoka mashariki kwa korongo la Qaws na mengineyo, yakaingia mtaa wa Quwaiza na jirani zake. Barabara kuu ya Haramain, ile inayowapeleka mahujaji Makka, ilikuwa imekingama mbele ya maji. Magari yalielea yakarundikana. Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz kilipata hasara kubwa. Waliokufa walizidi 120, wengi wao wakiwa wakazi wa mitaa ya mashariki na kusini, na si mahujaji.

Katika mtaa wa Quwaiza alikuwepo Farman Ali Khan, muuza duka kutoka Pakistani. Aliwatoa majini watu 14, mmoja baada ya mwingine, akarudi tena, na safari hiyo hakutoka. Serikali ya Saudia ilimpa nishani baada ya kifo chake, na nchi yake ikamheshimu. Namtaja kwa sababu ni mhamiaji aliyekwenda kutafuta riziki, kama watakavyokwenda vijana wa ukumbi huu. Wahamiaji hupanga pale kodi inaporuhusu, na kodi huwa ya chini pale maji yanapopita.

Baada ya mazishi lilikuja swali. Mfalme Abdullah aliunda tume chini ya Mwanamfalme Khalid al-Faisal, gavana wa mkoa wa Makka, akaamuru kila familia ya marehemu ilipwe riyali milioni moja. Uchunguzi ulifika kwenye viwanja vilivyogawiwa ndani ya mikondo ya maji na kwenye mitaro iliyolipiwa bila kuonekana, na maofisa na wafanyabiashara walifikishwa mahakamani. Angalieni jambo hilo vizuri. Nchi yenye sababu zote za kusema "ni kudura, mvua ya ajabu imetushukia" iliuliza nani alitia saini kibali cha kujenga pale.

Somo halikuisha siku moja. Tarehe 26 Januari 2011, zaidi ya milimita 110 zilishuka kwa saa tatu, na bwawa la Umm al-Khair likapasuka juu ya mtaa wake. Hapo ndipo kazi kubwa ilipoanza: mabwawa ya kuzuia maji upande wa milima, mifereji mipana ya kuyafikisha baharini, na kampuni ya Aramco ikapewa usimamizi wa mradi wa maji ya mvua ya jiji. Pamoja na hayo, Novemba 2015 na Novemba 2017 barabara zilifurika tena, na watu wa Jeddah wakacheka kwa uchungu kama tunavyocheka sisi.

Kisha ikaja Alhamisi, tarehe 24 Novemba 2022. Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa cha Saudia kilirekodi milimita 179 kusini mwa Jeddah kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Hiyo ni mvua ya miaka mitatu kwa saa sita, karibu maradufu ya mvua ya 2009. Shule zilifungwa, ndege zilichelewa, barabara ya Makka ilifungwa kwa muda, na magari mengi yaliharibika. Waliokufa walikuwa wawili.

Sitaki kuwadanganya kwamba mifereji peke yake ilifanya tofauti hiyo yote. Mvua ile haikushukia mahali palepale pa 2009, na tahadhari ilitolewa mapema. Lakini tahadhari ya mapema, shule kufungwa na barabara kuzuiwa ni kazi za watu. Mwaka 2022 siku haikujulikana miezi kabla, kama ilivyokuwa 2009. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna waliokuwa wameifikiria.

Riyadh: maji, vumbi na mkaa

Riyadh ina bonde lake, Wadi Hanifa, linalopita kando ya mji kwa takriban kilomita 120. Kwa miongo lilikuwa jaa la taka na maji machafu. Likasafishwa, likapandwa miti, likapewa mabwawa madogo ya kuchuja maji, na mwaka 2010 mradi huo ukapata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan. Mwaka huohuo, mwezi Mei, mvua ya ngurumo ilifurisha barabara za Riyadh na njia zinazopita chini ya madaraja, na Novemba 2013 shule zilifungwa kwa mafuriko. Mji uliojaa njia za chini ya barabara ni mji wa madimbwi mvua inaponyesha. Dereva mgeni na alijue hilo kabla ya kufuata ramani ya simu.

Mvua huko, hata hivyo, ni furaha kwanza. Mfalme hutangaza sala ya istiskaa, ya kuomba mvua, nchi nzima, na mawingu yakijibu watu hufunga virago wakaenda jangwani Thumama au kwenye mabonde yaliyochipua majani. Wanawasha moto, wanapika kahawa, watoto wanacheza matopeni. Matembezi hayo huitwa kashta, na mwajiri akikwambia jiandae, chukua sweta, maana usiku wa jangwani si usiku wa mjini. Hatari yake ni moja: hema kupigwa ndani ya korongo kwa sababu mchanga wake ni laini na umelala vizuri. Mchanga huo umelazwa na maji.

Lipo pia vumbi. Mwisho wa majira ya baridi, hewa ya baridi ikisukumana na ya moto, dhoruba huinuka. Tarehe 10 Machi 2009 ukuta wa vumbi uliingia Riyadh mchana, anga likawa la rangi ya machungwa kisha giza, na uwanja wa ndege ukasimamisha shughuli. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta na barua ya daktari, asingoje kuitafuta siku hiyo. Asubuhi za baada ya mvua huja na ukungu, na vijana wanaopeleka chakula kwa pikipiki ndio wanaopambana nao barabarani.

Lakini muuaji mkimya wa majira yale ni mkaa. Kila mwaka Idara ya Ulinzi wa Raia huwaonya watu wasilale na jiko la mkaa au la kuni ndani ya chumba kilichofungwa. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu huhisi kichwa kinauma, kisha usingizi mtamu, basi. Sisi tuliozoea jiko la mkaa barazani, penye upenyo wa upepo, tunadhani tunalijua. Chumba cha Riyadh kimezibwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi. Dada yangu, ukiambiwa ulale na jiko, kataa kwa adabu, uombe blanketi la pili au hita ya umeme. Kwako wewe mzazi: mwanao akisema anaumwa kichwa kila asubuhi mwezi Januari, muulize analala na nini chumbani.

Hija inarudi kwenye baridi

Kuna jambo la muda mrefu ambalo taasisi zetu za Hija hazijaanza kulizungumza. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Hija huzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Baada ya Hija ya Juni 2024, iliyoua zaidi ya watu 1,300 katika joto lililopita nyuzi 50, akili zote ziko kwenye miavuli na maji ya baridi. Ni sawa. Lakini Hija inarudi nyuma. Kwa makadirio ya kalenda, katika miaka ya 2030 itapita Machi, kisha Februari na Januari, na mwaka 2039 utakuwa na Hija mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Mnamo 2042 itafika tena mwishoni mwa Novemba, kipindi kilekile cha Tarwiya ya 2009.

Makka yenyewe iko bondeni, na historia yake inasimulia mafuriko. Sira zinatueleza kwamba Makuraishi waliijenga upya Kaaba baada ya kuharibiwa na maji, kabla ya Utume. Mwaka 1630 mafuriko yaliangusha kuta zake, zikajengwa tena zama za Sultani Murad wa Nne. Mwaka 1941 maji yalijaa msikitini hata watu wakatufu kwa kuogelea, na picha yao ipo. Leo kuna mahandaki na mifereji ambayo watu wa zama hizo hawakuwa nayo. Bado, bibi wa miaka 70 kutoka Tanga atakayelala Muzdalifa chini ya anga usiku wa Januari anahitaji maandalizi tofauti na yale ya Juni: soksi, shali nzito, koti la mvua, na kiongozi wa kundi anayejua pa kukimbilia ngurumo zikianza. Wanaofundisha mahujaji wana muda wa kutosha kuandika somo hilo.

Kabla ya kuwanyooshea kidole

Nasikia minong'ono: nchi tajiri, na bado inazama kwa mvua ya siku moja! Tusicheke. Desemba 2011, miaka miwili tu baada ya Jeddah, mvua ilipiga Dar es Salaam na kuua zaidi ya watu 40. Bonde la Msimbazi lilifanya kile linachofanya siku zote. Familia za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Baadhi ya watu wakarudi, kwa kuwa riziki yao ilikuwa mjini. Baadaye tukajenga karakana ya mabasi yaendayo haraka palepale bondeni, eneo la Jangwani, kisha tukashangaa mabasi yalipozama. Aprili 2024 Nairobi ilizama, na Mathare ikalia. Tarehe 29 ya mwezi huo, huko Mai Mahiu, maji yaliyokwama nyuma ya tuta la reli yalifumuka usiku na kusomba makumi ya watu. Mkiyakumbuka maji yaliyokingamiwa na barabara kuu ya Jeddah, mtaona kuwa ni habari moja yenye lafudhi mbili.

Maji hufuata mkondo, wazee walisema, na hawakusema "mwaka wenye mvua nyingi". Mkondo ukikauka miaka kumi haujauzwa. Anayeuza kiwanja ndani yake anauza mali ya maji, na maji yakija kudai hayaangalii hati. Tofauti iliyopo ni ya uwajibikaji. Jeddah, baada ya misiba miwili, ilipeleka watu mahakamani na kuchimba mifereji. Kwetu, mara nyingi aliyepigwa alama ya X ya kubomolewa ukutani ni yule aliyenunua, na aliyemuuzia yuko ofisini.

Ninayowaomba

Wasafiri, ulizeni mambo mawili kabla ya kupanda ndege: ninakwenda mji gani, na mwezi gani. Wa Riyadh kati ya Desemba na Februari apakie sweta, soksi za sufu na mafuta ya kujipaka, kwa sababu ngozi itapasuka. Wa Jeddah kati ya Novemba na Januari aulize, akifika, maji ya mvua hupita wapi mtaani kwake, na asikubali kulala chumba cha chini ya ardhi usiku wa tahadhari. Wote wawili waweke simuni taarifa za Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa: njano ni kuangalia, machungwa ni kujiandaa, nyekundu ni kutotoka. Namba ya dharura katika miji yote miwili ni 911.

Mawakala wa ajira, mnawafundisha vijana kupiga pasi na kusema "naam, madamu". Ongezeni saa moja ya hali ya hewa. Mkataba unaotaja mshahara na siku ya mapumziko utaje pia blanketi na chumba chenye hewa. Viongozi wa misafara ya umra, Desemba si mwezi wa kanzu moja.

Na nyinyi wenye mamlaka ya ardhi hapa nyumbani, ambao hamwendi popote: chukueni ramani ya mikondo ya maji ya kila mji wetu, ibandikeni ukutani mwa ofisi mahali ambapo mwombaji wa kiwanja ataiona, na msigonge muhuri juu ya mstari wa buluu. Mvua ijayo hatuijui tarehe. Mahali itakapopita tunapajua sote, na aliyetia saini atakuwa na jina.